Menejimenti imetutoa mafundi sanifu 17 kwenye orodha ya kura ya chama. Nani ana haki ya kuhesabiwa?

FundiUmeme_Kizota

Wadau, shikamooni wakubwa. Wa nyumbani, mbukwenyi.

Niko Dodoma, kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti upande wa Kizota. Jina la kiwanda naliacha. Ni fundi sanifu umeme, huu ni mwaka wangu wa saba pale, na wenzangu wamenichagua niwe katibu wa kamati ya muda ya tawi la chama cha wafanyakazi.

Tulianza kujaza fomu za TUF 6, zile za kujiunga na chama, mwezi wa nne. Wengi walijazia kwa mama ntilie nje ya geti, sahani ya wali pembeni na fomu juu ya goti, kwa sababu ndani huwezi kukaa watu watatu bila kuulizwa mnajadili nini. Hadi mwisho wa mwezi wa saba tulikuwa 51. Wafanyakazi wote wenye mikataba, ukimtoa meneja mkuu na wakuu wa idara, ni 96. Vibarua wa msimu siwagusi hapa. Katibu wa chama akaandika notisi ya kuomba tutambuliwe, ikapokelewa, ikagongwa muhuri. Siku ile nilipita buchani nikanunua kilo nzima ya nyama, mume wangu akadhani nimepandishwa mshahara.

Jumatatu iliyopita naingia zamu ya asubuhi nakuta watu wamejaa kwenye ubao wa matangazo, pale tunapoweka kidole kuripoti kazini. Tangazo la ofisi ya rasilimali watu: Ijumaa ya wiki ijayo itapigwa kura ya siri, watu waseme wanataka chama au hawataki. Chini yake orodha ya wapiga kura, majina 79. Niliisoma kutoka juu hadi chini mara mbili. Simo. Wenzangu wa boila hawamo. Dada wa maabara anayepima asidi ya mafuta kila saa mbili hayumo. Mafundi sanifu tisa wa umeme na mitambo, wanne wa maabara, watatu wa boila na kijana mmoja anayetunza mizani na kompyuta: 17 wote nje.

Sasa tazameni hesabu. Katika hao 17, waliojaza fomu ni 14. Ukiwatoa, wanachama tunabaki 37 kati ya 79, na ili tuwe wengi tunahitaji 40. Tumepungukiwa watatu. Tukihesabiwa wote tuna 51 kati ya 96, na 49 wanatosha. Yaani jibu la swali la chama limeshaandikwa kwenye orodha kabla hata sanduku la kura halijaletwa.

Nilikwenda ofisini kuuliza. Nilijibiwa kwa upole kabisa kwamba mafundi sanifu ni sehemu ya menejimenti, "ninyi ndio macho yetu usiku", na kwamba mtu wa menejimenti hawezi kuwa chama kimoja na watu wa kubeba magunia. Nikaonyeshwa barua ya mwezi wa tatu. Kweli nilipewa barua hiyo na niliisaini. Ilinibadilisha cheo kutoka Fundi Sanifu Umeme kuwa Msimamizi wa Kiufundi. Mshahara haukuongezeka hata shilingi. Posho ya zamu ni ileile. Wakati ule nilifurahi, nikaipiga picha nikamtumia mama Mpwapwa.

Niwaambieni usimamizi wangu ulivyo. Usiku wa zamu nina mafundi mchundo wawili na mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Mota ya mashine ya kukamua ikizima, mimi ndiye ninayesema nani apande juu na nani azime swichi kubwa na kukaa nayo. Hapo ninaamuru, na lazima niamuru, kwa sababu umeme hausubiri kikao. Lakini siwezi kumwajiri mtu, siwezi kumfukuza, siwezi kumpa onyo la maandishi. Likizo zao zinasainiwa na mkuu wa idara. Mwezi wa sita kontakta, yaani swichi ya kuwashia pampu, iliungua, niliandika ombi la kununua nyingine, lilichukua siku tisa kurudi, na siku zote tisa tuliwasha pampu ile kwa njia ambayo sitaki kuisimulia hapa. Huyo ndiye menejimenti anayesemwa?

Mwaka juzi mwenzetu wa boila aliungua mkono na mvuke. Aliyemfunga kitambaa na kumkimbiza hospitali kwa bodaboda ni kijana wa magunia. Hiyo ndiyo sababu nimeingia kwenye chama, sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Leo naambiwa mimi na kijana yule hatuna maslahi yanayofanana.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba baadhi ya mafundi wenzangu wameanza kusema labda ni kweli, sisi ni watu wa stashahada, tukae pembeni tusiharibu. Wawili wameniuliza jinsi ya kujitoa.

Naombeni msaada, hasa kwa wanaojua sheria. Je, mwajiri anaweza kuandika orodha ya wapiga kura peke yake? Fundi sanifu mwenye cheo cha "msimamizi" anaruhusiwa kuwa mwanachama na kuhesabiwa? Na Ijumaa tufanye nini, twende au tusiende?

Mzee wa Makole

Marahaba binti yangu. Nimefanya kazi ya chama miaka ishirini na kitu kabla sijastaafu, Singida, Manyoni na hapa Dodoma, na jambo lako nimelikuta zaidi ya mara moja. Soma polepole, kisha uwasomee na wenzako.

Anza na sheria yenyewe: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Kifungu cha 9 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Kila mfanyakazi. Halafu kinaweka mipaka michache: mahakimu na waendesha mashtaka wana vyama vyao wenyewe, na mfanyakazi wa menejimenti ya juu haruhusiwi kuwa kwenye chama kinachowawakilisha wale walio chini ya menejimenti hiyo. Hapo ndipo mwajiri wako anapotaka kukupenyeza. Sasa soma menejimenti ya juu ni nani. Ni mtu ambaye kwa nafasi yake anatunga sera kwa niaba ya mwajiri, na ana mamlaka ya kufunga mikataba ya pamoja, hii tunayoiita mikataba ya hali bora, kwa niaba ya mwajiri. Liangalie neno "na". Yote mawili kwa pamoja. Wewe unayesubiri kontakta siku tisa unatunga sera gani? Na siku chama kikikaa mezani kudai mkataba wa hali bora, wewe ndiye utakayeusaini upande wa kampuni?

Cheo cha kwenye barua hakina uzito hapo. Nimewahi kumkuta mlinzi wa geti ameandikiwa "Afisa Usalama Mwandamizi". Tuliuliza swali moja tu, funguo za ofisi ziko kwa nani, na tukaendelea.

Pili, kura. Kifungu cha 67 kinasema chama kilichosajiliwa kinachowakilisha wengi katika kundi linalofaa la majadiliano, yaani wafanyakazi wanaojadiliana na mwajiri kwa pamoja, kina haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano. Maneno ni "kinachowakilisha wengi". Fomu zenu 51 ndizo ushahidi wa wengi. Kifungu hakimpi mwajiri kazi ya kubandika orodha na kuitisha kura yake. Alichotakiwa kufanya baada ya notisi ni kukutana na chama ndani ya siku 30 mzungumzie makubaliano ya kutambuliwa. Kwa hiyo kwanza tafuta nakala ile yenye muhuri, uhesabu siku. Siku zikiisha bila kikao, au mkikaa mkashindwana, chama kinapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu CMA F1, ofisi ipo hapahapa Dodoma. Usuluhishi ukishindikana, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ndiyo inayoamua.

Na hapa ndipo pana utamu kwa watu kama ninyi. Mkibishana juu ya kundi lipi linafaa, mahakama haiangalii matakwa ya bosi peke yake. Inapima matakwa ya pande zote, historia ya majadiliano mahali pale, chama kimeenea kiasi gani, wafanyakazi wanafanana vipi kimaslahi, mwajiri amejipanga vipi, kazi zake zinavyoshikana, na mahali watu walipo. Tena sheria inaitaka mahakama ilinde majadiliano yenye utaratibu na isiukatekate mfumo wa mwajiri vipande vipande bila sababu. Kiwanda kimoja, geti moja, alizeti inaingia kwenye magunia inatoka ikiwa mafuta na mashudu. Ukimtoa fundi wa boila, mashine inasimama na mbeba magunia anarudi nyumbani. Hiyo ndiyo kushikana kwa kazi, na mahakama inauliza habari hiyo kwa jina.

Kwa hiyo kusanyeni vitu, acheni kubishana kwenye ubao. Chukua ratiba za zamu za miezi sita. Chukua nakala za maombi yako ya vipuri, hasa lile la siku tisa, na utafute aliyesaini mwisho ni nani. Chukua hati zenu za mshahara kabla na baada ya barua ya mwezi wa tatu. Na kila mmoja wa wale 17 aandike ukurasa mmoja kwa mkono wake: naamka saa ngapi, nampokea nani, nani ananiidhinishia likizo, nani aliniadhibu mara ya mwisho. Msinakiliane. Msuluhishi akiona kurasa 17 za maneno yaleyale anazifunga.

Na hao wawili wanaotaka kujitoa waambie hivi. Kuwa mwanachama si kosa la kumwachisha mtu kazi, kifungu cha 37 kimelizuia hilo waziwazi, na kifungu cha 9 kinazuia kumbagua mtu kwa ajili ya chama. Lakini usiwashike mkono. Aliyebaki kwa kulazimishwa atakuangusha siku ya ushahidi.

Mkemia_Iguguno

Dada pole, ila mimi nitasema tofauti kidogo. Nipo maabara ya kiwanda cha aina hiyohiyo upande wa Singida. Sisi tuliingia chama kimoja na wote, tukatambuliwa, tukapata mkataba wa hali bora. Mkataba ukasema habari ya magunia, gamba buti na chakula cha zamu. Habari ya kemikali za maabara ilipata mstari mmoja. Hekseni tunaivuta hewani kila siku, tuliomba feni ya kutolea moshi, mjumbe wetu kikaoni akasema tusubiri mwaka mwingine kwa sababu wengi hawajaiomba. Tuko wanne kati ya zaidi ya mia. Kwenye kupiga kura wanne ni wanne.

Kwa hiyo sikubaliani na bosi wako, amekosea na nia yake inaonekana. Lakini msikimbilie kusema sisi wote ni wamoja halafu mkaishia hapo. Kama mngeweza kuwa na kundi lenu la kiufundi, lenye mkataba wake, mngepata vitu vyenu.

Mzee wa Makole

Mkemia, ulilosema ni la kweli na limeniuma, kwa sababu nimeketi upande ule wa meza na ninajua tuliwahi kuwapa watu wa maabara mstari mmoja. Lakini kundi la watu wanne linakwenda kujadili na nguvu gani? Mkikataa kazi ninyi wanne mwajiri anatuma sampuli nje wiki mbili na maisha yanaendelea. Mlichokosa ni kiti. Kabla ya kusaini chochote, katiba ya tawi au makubaliano ndani ya kamati yaseme mafundi na maabara wana mjumbe wao kwenye timu ya majadiliano, atoke kwao, wamchague wao. Dada wa Kizota, hilo lifanye sasa wakati bado wanakuhitaji. Baada ya mkataba hutalipata.

Mrangi_Ohio

Habari za huko. Mimi ni mtu wa Kondoa, nipo Marekani mwaka wa kumi na moja, fundi wa mitambo ya joto na baridi hospitalini. Sheria ya hapa si ya kwetu, msiichukue mkaipeleka Tume. Ila nimeandika kwa sababu maneno ya bosi wako nayafahamu, yanafanana sana na yanayosemwa hapa, na pengine ndiko alikoyaokota.

Hapa kutambuliwa kwa chama mara nyingi ni kwa kura kweli. Sheria yao ni ya 1935, na bodi ya serikali ya mahusiano kazini, inayoitwa NLRB, ndiyo inayosimamia. Asilimia 30 ya watu wa kundi wakisaini, bodi inaweza kuitisha kura. Kwa hiyo vita kubwa ni orodha: nani yumo. Mwaka 1947 sheria ilirekebishwa, wasimamizi wakatolewa kabisa, na wataalamu kama wahandisi wakapewa haki ya kutochanganywa na wasio wataalamu mpaka wao wenyewe wapige kura wakubali. Fundi kama mimi na wewe tunakaa katikati. Si wataalamu kwa maana ya sheria hiyo, lakini kazi yetu inataka mafunzo na kufikiri. Zamani upande mmoja ukipinga tu, mafundi walikuwa wanaondolewa kwenye kundi la kiwanda. Mwaka 1961 bodi iliacha mtindo huo, ikaanza kutazama kila mahali kivyake: wanakutana na nani kazini, nani anawasimamia, wanalipwa vipi, wanabadilishana kazi na nani.

Kuna kesi ya 1958 ambayo mwalimu wetu wa chama anaipenda, Leedom dhidi ya Kyne. Kiwanda kilikuwa Cheektowaga, New York. Wataalamu 233, na bodi ikawaongeza watu tisa wasio wataalamu humo humo bila kuwauliza wale wataalamu kwa kura. Mahakama Kuu ya Marekani ikasema bodi imevuka mamlaka yake. Watu tisa tu, na kesi ilifika juu kabisa. Kwa hiyo usijione mdogo kupigania 17.

Sasa neno "msimamizi". Hapa ukiwa na hata mamlaka moja kati ya orodha yao, kama kuajiri, kuadhibu, au kupanga watu kazi kwa uamuzi wako mwenyewe, unaweza kutolewa. Mwaka 2006 manesi viongozi wa zamu wa kudumu katika hospitali moja ya Michigan walihesabiwa wasimamizi, na wale waliokuwa wanapokezana uongozi wakaachwa ndani. Kwa sheria ya hapa, maneno yako ya "mimi ndiye ninayesema nani apande juu" yangekuletea shida. Kwa sheria ya Tanzania kama alivyoieleza Mzee, mlango wa kutolewa ni mwembamba zaidi. Usikubali wakupime kwa kipimo cha nchi nyingine.

Kitu kimoja cha hapa kinaweza kuwafaa kama ustaarabu, mkikubaliana kwa maandishi. Mpiga kura akibishaniwa, hazuiwi. Anapiga, kura yake inatiwa kwenye bahasha peke yake, inawekwa pembeni. Wakihesabu wakakuta bahasha zile haziwezi kubadili matokeo, hazifunguliwi. Zikiweza, ndipo ubishi wa kila mmoja unaamuliwa. Hakuna anayefutwa kwa tangazo la ubaoni.

FundiUmeme_Kizota

Asanteni sana. Mzee wangu, nimesoma mara nne, mara ya mwisho kwa sauti kule kwenye chumba cha swichi, tulikuwa kumi na mmoja.

Nimehesabu siku kwenye notisi. Leo ni siku ya 24. Katibu wa chama amewaandikia leo mchana kwamba chama hakiitambui kura ya Ijumaa, kwamba kinasubiri kikao ndani ya siku zilizobaki, na kwamba kama wanataka kura basi orodha iwe ya watu 96, wale 17 wapige kwenye bahasha zao pembeni mpaka Tume iseme. Hilo la bahasha limetoka kwako, Mrangi. Sijui watajibu nini. Fomu CMA F1 tumeshaichukua, imejazwa jina na anuani tu.

Mkemia, nimewaambia kamati habari ya kiti. Kijana wa magunia ndiye aliyeunga mkono kwanza, akasema "bila boila mimi nabeba nini?" Tumeandika: wajumbe watano wa majadiliano, mmoja atoke kwa mafundi na mmoja maabara. Habari ya hewa ya maabara tumeiweka namba mbili kwenye madai, baada ya vifaa vya kujikinga na moto.

Wale wawili waliotaka kujitoa, mmoja ameniletea ukurasa wake asubuhi. Kurasa tatu, kwa kweli, mbele na nyuma. Ameandika hadi saa aliyomlaza mwanawe siku ile boila ilipopasuka valvu. Mwingine bado hajaniambia kitu, na sijamuuliza.

Zamu yangu inaanza saa mbili usiku. Nikirudi kesho nitakusanya hati za mishahara.